Famagusta na Varosha: siku moja ya kutazama na kuzingatia

Miongoni mwa kazi zinazoangukia ofisi ya msikiti, ijapokuwa hazikuandikwa katika katiba yake, ni kupanga safari. Familia tatu za waumini wetu zilialikwa kuhudhuria mahafali ya vijana wao wanaosoma katika kisiwa cha Kupro, ambacho Waarabu hukiita Qubrus na magazeti yetu mengi huandika Cyprus. Familia hizo ziliiomba kamati iwapangie, ndani ya siku kumi za kukaa kwao huko, siku moja ya ziara yenye faida ya dini na elimu, kisha zikatutaka tufuatane nazo. Tunaandika haya ili familia nyingine zitakazojaaliwa kufika huko zipate pa kuanzia.

Mahali palipopendekezwa ni mji wa Famagusta, ulio katika pwani ya mashariki ya kisiwa. Ndani ya kuta zake kuna historia ya miaka mia saba, na nje ya kuta hizo, upande wa kusini, kuna mtaa wa Varosha, mji wa hoteli za ufukweni uliohamwa mwaka 1974 ambao wenyewe hawajarejea hadi leo. Waturuki huuita mtaa huo Maraş.

Pendekezo halikupita bila mjadala. Mzee mmoja katika kamati, mzaliwa wa mkoa wa Lindi, aliuliza, "Hivi ndugu zangu, tunakwenda kutalii katika msiba wa watu?" Akaeleza kwamba mwaka huo huo wa 1974, wakati wa kuhamia vijijini, familia yake iliacha nyumba, makaburi na mashamba. Leo akipita pale, kinachomwonesha ilipokuwa nyumba ya baba yake ni miembe mitatu tu. Akasema hachukii mtu kupita, bali humwumiza kuona wapitaji wakiangua maembe huku wakicheka, wala hawaulizi ni ya nani.

Maneno hayo yalitukalisha kimya. Mwishowe tulikubaliana kwenda, lakini kwa masharti ambayo tutayataja mahali pake.

Maandalizi

La kwanza ni hati. Tangu mwaka 1974 kisiwa kimegawanyika. Kusini iko Jamhuri ya Kupro, ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na kaskazini iko serikali ya Waturuki wa Kupro, ambayo inatambuliwa na Uturuki peke yake. Kati yao upo Mstari wa Kijani unaolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, ambao wamekuwa kisiwani tangu mwaka 1964. Famagusta na Varosha ziko kaskazini. Jamhuri ya Kupro haiuhesabu uwanja wa ndege wa Ercan, ulio kaskazini, kuwa mlango halali wa kuingilia nchi. Kwa hiyo mgeni atakayeingia kwa njia hiyo asitarajie kuruhusiwa kuvuka kwenda kusini. Sisi tuliingia kwa uwanja wa Larnaca, tukiwa na viza za Jamhuri, na siku ya ziara kila mmoja, hata mtoto mchanga, alikuwa na pasipoti yake.

La pili ni usafiri. Kupro iliwahi kutawaliwa na Uingereza, ikapata uhuru mwaka 1960, na magari yake hupita kushoto kama kwetu. Hata hivyo, bima ya gari lililokodiwa kusini kwa kawaida haifanyi kazi kaskazini. Tuliona ni wepesi zaidi kukodi gari na dereva wake kutoka Larnaca hadi kituo cha kuvukia cha Deryneia, kilichofunguliwa mwaka 2018, kisha kuvuka kwa miguu na kuchukua teksi upande wa pili. Kusini hutumika yuro na kaskazini lira ya Kituruki. Laini za simu nazo hubadilika mara mtu avukapo, basi ni vyema mkapatana mapema mahali pa kukutania endapo mtu atapotea.

La tatu ni Swala. Baadhi ya wenzetu walidhani siku hiyo watafupisha na kukusanya. Tukawakumbusha kwamba, kwa madhehebu ya Imam Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukatika hukumu yake ya usafiri. Nao walinuia kukaa Larnaca siku kumi. Tena mwendo wa kutoka Larnaca hadi Famagusta haufikii masafa ya kufupisha, na kinachotazamwa ni masafa ya kwenda peke yake, hayajumlishwi na ya kurudi. Kwa hiyo kila Swala iliswaliwa kamili na kwa wakati wake. Mwezi wa Juni huko, Adhuhuri huingia kiasi cha saa saba kasorobo mchana na Magharibi kiasi cha saa mbili usiku, hivyo mchana ni mrefu na nafasi ipo ya kutosha.

Asubuhi: kaburi la Ummu Haram

Hatukuona adabu kupita Larnaca bila ya kuanza kwa Ummu Haram bint Milhan (radhi za Allah ziwe juu yake). Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alilala nyumbani kwake, akaamka akitabasamu, akampa habari za watu wa umma wake watakaopanda bahari katika njia ya Allah. Bibi huyo akaomba awe miongoni mwao, naye Mtume akamwombea. Miaka ikapita, na katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, jeshi la kwanza la majini la Waislamu likavuka kwenda Qubrus chini ya Muawiya. Ummu Haram alikuwamo. Baada ya kushuka kutoka baharini alianguka kutoka katika mnyama wake, akafariki.

Mahali panaponasibishwa na kaburi lake pako kando ya ziwa la chumvi la Larnaca, si mbali na uwanja wa ndege, na panajulikana kwa jina la Hala Sultan Tekke. Pana msikiti mdogo wenye kuba na mnara, mitende, na utulivu mwingi. Wakati wa baridi ziwa hujaa maji na korongo wekundu hulijia. Wakati wa joto hukauka likabaki jeupe kwa chumvi. Tulimsalimia, tukamwombea dua, tukawakumbusha watoto kwamba aliyekufa huombewa wala haombwi. Akina mama wetu walikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga, nasi hatukuwaharakisha. Si kila siku msafiri kutoka pwani yetu husimama mbele ya kaburi la mwanamke aliyeomba mwenyewe kupanda chombo cha vita.

Famagusta ndani ya kuta

Kutoka Deryneia hadi kuta za Famagusta ni mwendo mfupi. Kuta hizo, kwa jinsi zilivyo leo, ni kazi ya dola ya Venisi, iliyotawala Kupro tangu mwaka 1489 hadi 1571. Wasomaji waliosoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, wanaikumbuka dola hiyo ya wafanyabiashara. Tamthilia nyingine ya Shakespeare, *Othello*, sehemu yake kubwa hutokea katika mji wa bandari wa Kupro, na ngome iliyo kando ya bandari ya Famagusta imepewa jina hilo hilo. Juu ya mlango wake amechongwa simba mwenye mbawa, alama ya Venisi.

Katikati ya mji umesimama Msikiti wa Lala Mustafa Pasha, nao ndio ulioleta maswali mengi kutoka kwa watoto. Mtu auonapo kwa mbali huona kanisa: madirisha marefu yenye ncha, mawe yaliyonakshiwa kama vitambaa vya kufuma, na minara miwili mipana iliyovunjika vichwa. Kisha huona mnara mwembamba wa adhana umechomoza upande mmoja. Lilikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Nikolasi, lililojengwa katika karne ya 14 na wafalme wa nasaba ya Lusignan kutoka Ufaransa, ambao walivikwa humo taji la ufalme wa Jerusalem hata baada ya Jerusalem yenyewe kuwatoka mikononi. Mbele ya mlango upo mkuyu mkubwa wa kale, ambao wenyeji husema ulipandwa zama za ujenzi wa kanisa lenyewe. Tulipumzika chini ya kivuli chake tukingoja adhana.

Ndani hapana sanamu wala michoro, ila kuta zilizopakwa chokaa, mazulia, na mwanga mwingi. Kanisa lilielekezwa mashariki, ilhali kibla kutoka Kupro ni kusini ikielemea mashariki kidogo; kwa hiyo mwenye kuswali haelekei kule walikoelekea wajenzi. Mtoto mmoja aliliona hilo kabla ya wakubwa, akauliza, "Kwa nini tunatazama ubavuni?" Swali lake likatupa mlango wa kueleza historia yote, nasi hatukuificha.

Jeshi la Dola ya Uthmaniya, likiongozwa na Lala Mustafa Pasha, liliuzingira mji huu tangu Septemba 1570 hadi Agosti 1571. Watu wa Venisi walipochoka walikubali kuusalimisha kwa mkataba wa amani, kwa sharti kwamba watoke salama na wenyeji waachiwe nafsi na mali zao. Siku chache baadaye mkataba huo ulivunjika. Kamanda wa mji, Marcantonio Bragadin, alishutumiwa kwamba amewaua mateka Waislamu, kisha akateswa na kuuawa kwa namna isiyofaa kusimuliwa katika ukurasa wa familia. Waandishi wa pande mbili wamevutana kuhusu nani aliyeanza kuvunja. Kwetu sisi linalotosha ni kwamba amani iliyotolewa na Muislamu ni deni shingoni mwake, na kwamba dini yetu imekataza kumtesa na kumkatakata hata adui.

Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka pia tofauti kati ya mji uliotwaliwa kwa nguvu na mji uliosalimishwa kwa mkataba, na haki za maabada katika kila hali. Vitabu vya tarehe vimesimulia kwamba Sayyidna Umar (radhi za Allah ziwe juu yake), alipoingia Jerusalem, hakutaka kuswali ndani ya kanisa la Wakristo, akichelea Waislamu wa baadaye wasije wakalichukua kwa kisingizio cha Swala yake. Tuliwaeleza watoto yote mawili. Kisha tuliswali Adhuhuri, kwani leo ni msikiti wenye imamu, jamaa na adhana kwa zaidi ya miaka mia nne. Muislamu anaweza kuswali mahali na bado akaisema historia ya mahali hapo kama ilivyokuwa.

Hatua chache mbele ya msikiti zipo nguzo za jumba la watawala wa Venisi, na kando yake chumba alimofungwa Namık Kemal, mshairi na mwandishi wa Kituruki aliyehamishiwa hapa kwa sababu ya tamthilia yake, tangu mwaka 1873 hadi 1876. Baada ya hapo tulikula chakula cha mchana ndani ya kuta: nyama ya kuchoma, mkate wa bapa, mtindi na tikitimaji. Wenye mgahawa walipojua tunatoka Afrika Mashariki walituuliza habari za Zanzibar, na wakawapa watoto peremende.

Alasiri: Varosha

Kabla ya kuingia Varosha tuliwakalisha vijana tukawapa habari kwa ufupi. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 hapa palikuwa kitovu cha utalii wa Kupro: hoteli za ghorofa zilizojipanga kando ya mchanga mweupe, maduka, sinema, na wageni mashuhuri kama Elizabeth Taylor na Richard Burton. Tarehe 15 Julai 1974 yalifanyika mapinduzi yaliyochochewa na watawala wa kijeshi wa Ugiriki. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka kisiwani. Katikati ya Agosti jeshi hilo likasonga hadi Famagusta, na wakazi wa Varosha, Wagiriki wa Kupro wapatao 39,000, wakakimbia, wengi wao wakiamini watarudi baada ya siku chache. Mtaa ukazungushiwa uzio na kuachwa chini ya jeshi. Mwaka 1984 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 550, lilisema haikubaliki mtu yeyote asiye mkazi wake kukaliishwa humo. Oktoba 2020 sehemu ya barabara na ufukwe wake ilifunguliwa kwa wapita njia, na Baraza hilo likaeleza wasiwasi wake mkubwa.

Tuliwaeleza upande wa pili vilevile, maana haki haigawanywi kwa dini. Waturuki wa Kupro walianza kufukuzwa makwao katika machafuko ya mwaka 1963 na 1964. Mwaka 1974, wakati jeshi likisonga, wengi wao walikuwa wamezingirwa ndani ya kuta hizi hizi tulizotoka. Tarehe 14 Agosti mwaka huo, katika vijiji vitatu visivyo mbali na Famagusta, waliuawa watu 126, wengi wao wanawake na watoto. Watu waliopotea katika miaka hiyo na kuandikishwa na kamati ya pamoja ni 2,002: Wagiriki wa Kupro 1,510 na Waturuki wa Kupro 492. Hadi leo mifupa yao hutafutwa, na hutafutwa na wataalamu wa pande zote mbili wakifanya kazi pamoja.

Mgeni huingia kwa kupita langoni, na ndani anaweza kutembea au kukodi baiskeli. Barabara zimefagiliwa na kuwekwa lami, lakini kando zake kamba zimefungwa na mabango yanakataza kuingia katika majengo, kwa kuwa mengi yanaweza kuanguka. Majina ya maduka bado yanasomeka juu ya milango. Miti imeota ndani ya vyumba na kutokeza matawi madirishani, mipungate imekuwa mirefu kuliko mtu, na maua ya bogenvilia yanashuka kutoka roshani ambazo hakuna anayeketi. Vyuma vya zege vimetoka nje kama mbavu. Kisha, mtu akifika mwisho wa barabara, hukutana na bahari ya rangi ya feruzi na watu wanaogelea, na nyuma yao hoteli tupu.

Kijana mmoja wa msafara wetu alisema kwa sauti, "Hawa Mungu amewaadhibu kwa ufuska wa ufukweni." Tulimsimamisha hapo hapo. Ni kweli Qur'ani imetuamrisha mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotangulia, na Mtume alipopita katika nyumba za Thamudi aliwafunza Masahaba wake waingie kwa kulia. Lakini habari za Thamudi tumeletewa kwa wahyi. Habari za Varosha hatukuletewa wahyi wowote, na asiye na wahyi hana ruhusa ya kutia sahihi hukumu ya Allah juu ya watu. Waliokimbia hapa walikuwa pia waokaji mikate, mafundi cherehani, watoto wa shule na vikongwe. Tukamwuliza: je, wale wanawake na watoto wa vijiji vitatu nao utasema waliadhibiwa? Akanyamaza, na baadaye akaja mwenyewe kuomba radhi.

Masharti ya kamati yalikuwa manne. Kwanza, hatutaokota chochote, hata kipande cha kigae, kwa sababu kila kitu pale kina mwenyewe. Kilwa Kisiwani na Kaole tunatembelea magofu ya watu waliokwisha kufa karne nyingi; Varosha wengi wa wenyewe wangali hai, wana hati, na wako waliotunza funguo. Pili, hatutakodi viti vya ufukweni wala kuogelea mbele ya hoteli hizo. Tatu, hakuna kujipiga picha za kuchekacheka. Nne, tutazungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliokwenda kuhani.

Sharti la pili liliwachoma watoto, kwani jua lilikuwa kali na maji yalikuwa mbele yao. Baba mmoja naye aliuliza kwa nini tujizuie, ilhali Idara ya Wakfu ya Waturuki wa Kupro inadai kwamba ardhi ya Varosha asili yake ni wakfu wa Waislamu. Tukamjibu kwamba dai la wakfu ni jambo zito, na kama lina ushahidi basi lipelekwe mbele ya kadhi au mahakama na upande wa pili usikilizwe. Wala wakfu hauthibitishwi kwa uzio wa jeshi, wala kwa taulo ya mpita njia. Mtume ametuonya vikali juu ya anayedhulumu ardhi hata shubiri moja, na hakusema kwamba onyo hilo halimhusu aliyedhulumiwa akiwa si Muislamu. Watoto tuliwaahidi kuogelea Larnaca kesho yake, na ahadi ikatimizwa.

Tulipokuwa tukirudi langoni tulimwona bwana mmoja mzee amesimama kwenye kamba, akimwonesha msichana mdogo dirisha la ghorofa ya pili. Hatukujua lugha yake, wala hatukumwuliza lolote. Tulipunguza mwendo na kupita upande wa pili wa barabara. Yule kijana wa maneno ya adhabu alikuwa wa kwanza kuweka simu yake mfukoni.

Alasiri tuliiswali katika msikiti mdogo wa Bilal Ağa ulio ndani ya mtaa huo, ambao umekarabatiwa. Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumekwisha kuvuka Deryneia.

Kwa familia zitakazokwenda

Chukueni maji ya kutosha, kofia, na viatu vya kutembelea. Akina mama wawe na mtandio wa ziada na kila mtu na msala wake. Msielekeze kamera kwa askari wala vituo vyao. Ulizeni mapema saa ya kufungwa lango la Varosha, kwani hubadilika kwa majira. Na kabla ya yote, wasomeeni watoto historia ya pande mbili mkiwa bado nyumbani, ili wasiende wakiwa wamekwisha kuchagua nani wa kumlilia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ummu Haram, awarejeshee haki waliodhulumiwa wa kisiwa kile, Waislamu na wasio Waislamu, na atukinge sisi na kula embe la mtu ambaye hatukuuliza ni nani. Amin.